Sindano Iliyojua Kusema

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuingia mfuko wa shati. Kilikuwa bapa na mstatili, tofauti na sindano za dharura za wakati huo ambazo nyingi zilikuwa na umbo la kalamu. Ukikichomoa kwenye ganda lake, kilianza kusema. Sauti iliyorekodiwa, tulivu, ilikuambia uondoe kinga nyekundu. Ukishaiondoa, ilikuambia uweke upande mweusi kwenye paja la mgonjwa, kwa nje, ukandamize kwa nguvu na usiachie kwa sekunde 5, kisha ikazihesabu sekunde hizo pamoja nawe. Kukasikika mlio, hewa ikafoka, dawa ikaingia mwilini, na sindano ikarudi ndani yenyewe kabla hujaiona. Halafu sauti ikakuarifu kwamba umemaliza na kwamba mgonjwa anahitaji huduma ya dharura haraka.

Kiliitwa Evzio. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikiidhinisha tarehe 3 Aprili 2014 baada ya kukipitia kwa wiki 15 tu, haraka ambayo si kawaida yake. Ndani mlikuwa na miligramu 0.4 za naloksoni, dawa inayomrudisha mtu aliyezidiwa na heroini, morfini au fentanili. Waliokibuni walikuwa ndugu wawili, mmoja mhandisi na mwingine aliyesomea udaktari. Leo hakiuzwi tena. Nakirudia mara kwa mara hata hivyo, kwa sababu sijakiona kifaa kingine cha tiba kilichomfikiria mtu mwenye hofu kwa undani kama huu. Kuhusu namna kilivyotoweka, na kosa lilikuwa la nani, tutafika huko.

Ndugu hao ni Eric na Evan Edwards, mapacha wa jimbo la Virginia, ambao tangu utotoni walikuwa na mzio mkali wa vyakula. Mtu wa hali hiyo hutakiwa kutembea na sindano ya epinefrini maisha yake yote, maana karanga moja iliyojificha kwenye keki inaweza kumuua. Katika safari moja ya familia kwenda Ulaya, mwishoni mwa miaka ya 1990, waligundua kwamba wamezisahau sindano zao nyumbani. Vijana wengi wangeahidi kuwa makini zaidi safari ijayo, basi. Hawa wakajiuliza kwa nini walisahau. Jibu likawa la kawaida kabisa: sindano ile ilikuwa ndefu na nene, haikai mfukoni, na kijana anayevaa jinzi hana mahali pa kuiweka.

Wakagawana masomo. Evan akaingia uhandisi katika University of Virginia. Eric akasomea udaktari katika Virginia Commonwealth University, mjini Richmond. Mwaka 2004, wakiwa bado katika miaka ya ishirini, wakafungua kampuni iliyoitwa Intelliject, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa kaléo. Kifaa chao cha kwanza, sindano ya mzio iitwayo Auvi-Q, kiliidhinishwa mwaka 2012. Kilikuwa na urefu na upana wa kadi ya benki, na unene wa simu. Kati ya kusajili kampuni na kupata kibali ilipita miaka minane, na kabla ya hapo ilikuwepo ile ya kuchora na kufuta. Siku hizi tunapozungumzia vijana wajasiriamali tunapenda hadithi ya mtu aliyepata wazo Ijumaa na Jumatatu akawa na wawekezaji. Fani ya dawa haiendi hivyo, na nadhani ni afadhali.

Walichokifanya kwa Evzio kilikuwa kuchukua ufundi huohuo na kuuhamishia kwenye ugonjwa mwingine. Dawa ilibadilika, mgonjwa akabadilika, ila mtu aliyeshika kifaa alibaki yuleyule, asiye mtaalamu, ambaye mikono inamtetemeka na dakika zinamwishia. Hapo ndipo ninapoona mkono wa mwanafunzi wa udaktari. Daktari bingwa ameshadunga maelfu ya sindano na hakumbuki tena ilivyokuwa ngumu ile ya kwanza. Mwanafunzi anakumbuka, maana ilikuwa mwaka jana. Anajua dozi, anajua paja lina msuli wa kutosha, na bado anajua pia kwamba mtu asiye na mazoezi huogopa ncha ya sindano kuliko mgonjwa anavyoiogopa. Ujuzi wa namna hiyo haudumu. Ukimaliza miaka ya mafunzo kazini unakuwa umekutoka, na hakuna kitabu kinachoutunza.

Ili ufundi huu uonekane vizuri, inafaa kujua kinachotokea mwilini. Dawa zote za jamii ya afyuni hukalia vipokezi fulani kwenye ubongo, vikiwemo vile vya shina la ubongo, mahali pumzi inapoendeshwa bila sisi kufikiri. Kwa kawaida hewa chafu ya kaboni ikizidi kwenye damu, shina hilo hushtuka na kuamuru tuvute pumzi. Afyuni huuziba mshtuko huo. Ndiyo maana anayezidiwa hahangaiki wala hajishiki koo. Anakoroma, pumzi zinaachana, midomo na kucha vinabadilika rangi, vikawa vya bluu kwa mtu mweupe na vya kijivujivu kama majivu kwa mtu mweusi. Waliomo chumbani mara nyingi hudhani amelala. Wengi wamekufa wakiwa wamefunikwa shuka na watu waliowatakia usingizi mwema.

Naloksoni inafanya kazi kama abiria mwenye tiketi anayemwinua mtu aliyekalia kiti chake: inavishika vipokezi vilevile kwa nguvu zaidi, inaiondoa afyuni, na yenyewe haileweshi. Kwa mtu ambaye hana afyuni mwilini haifanyi lolote la maana, na hii ni sifa kubwa kwa dawa itakayoshikwa na wasio wataalamu, maana ukikosea ukampa aliyezimia kwa sababu nyingine hujamwongezea tatizo. Ina kasoro moja ya kuzingatiwa. Hukaa mwilini kati ya dakika 30 na 90, wakati afyuni nyingine hukaa zaidi. Ikiisha, pumzi inaweza kusimama tena. Aliyeamshwa naye anaweza kuamka na kile ambacho mateja wa Dar es Salaam na Mombasa wanakiita arosto, mwili mzima ukimuuma, akamtukana aliyemwokoa na kutaka kuondoka. Kwa hiyo sauti ya kile kifaa ilipomalizia kwa kuagiza huduma ya dharura, haikuwa ikijikinga na kesi za mahakamani. Ilikuwa ikilisema jambo ambalo muokoaji, katika furaha yake, angelisahau.

Sasa tukitazame kwa karibu. Sindano haionekani kabla wala baada ya kudunga, kwa hiyo hofu ya ncha haina pa kushika, na hakuna anayejichoma baadaye kwa sindano yenye damu ya mwenzake. Inapita kwenye nguo, kwa hiyo hakuna haja ya kumvua suruali mtu mzito aliyelegea sakafuni. Pajani kwa nje hapana kiungo cha hatari, hivyo ukikosea kwa inchi mbili hujaharibu. Ndani ya kila boksi mlikuwa na vifaa viwili vyenye dawa na cha tatu cha kufanyia mazoezi, ambacho hakikuwa na dawa wala sindano lakini kilisema maneno yaleyale. Mtoto wa nyumbani angeweza kukifanyia mazoezi mara mia.

Na sauti yenyewe, ambayo kila mwandishi wa habari aliishangilia, ilitengwa na mtambo wa kudunga. Betri ikifa, kipaza sauti kikiharibika, kifaa kikanyamaza kabisa, sindano ilidunga vilevile. Maelekezo ya matumizi yaliyasema hayo waziwazi. Mbunifu mwenye majivuno angeifanya sauti kuwa bwana wa kifaa, ikiruhusu na kuzuia, na siku ambayo umeme umeisha mtu angekufa kwa ajili ya urembo. Hawa waliipa kazi ya msaidizi. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote waliyoyafanya, ingawa ukikishika mkononi hulioni.

Isidhaniwe kwamba fani hii ilianza nao. Naloksoni ni ya zamani. Mozes Lewenstein na Jack Fishman waliiombea hataza mwaka 1961, na FDA ikaiidhinisha mwaka 1971. Kwa miongo miwili na nusu iliyofuata ilikaa hospitalini na kwenye magari ya wagonjwa, wakati watu walikuwa wakifia vyumbani na vichochoroni. Mwaka 2003 mtoto wa kambo wa Fishman mwenyewe alikufa kwa kuzidisha heroini. Dawa aliyoibuni baba yake wa kambo ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka 40, na haikuwepo mahali alipokuwa yeye.

Aliyevunja ukuta alikuwa Dan Bigg wa Chicago Recovery Alliance. Kuanzia mwaka 1996 yeye na wenzake waliwapa watumiaji wenyewe vichupa vya naloksoni na mabomba ya sindano, pamoja na maelekezo ya dakika chache. Wakati ule madaktari wengi walitishika: utampaje teja sindano na dawa ya dharura? Takwimu zikajibu. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, CDC, ilikusanya taarifa za mashirika ya namna hiyo kuanzia 1996 hadi Juni 2014. Watu wa kawaida 152,283 walikuwa wamepewa dawa hiyo, na matukio 26,463 ya kumrudisha mtu yalikuwa yameripotiwa. Waliofanya kazi hiyo, wengi wao, walikuwa watumiaji waliokuwa wamekaa karibu na aliyeanguka.

Boston nao wakaja na ufundi wao mwaka 2006, na huu ninaupenda kwa sababu ulikuwa wa kuungaunga. Wahudumu wa magari ya wagonjwa mjini Denver walikuwa wameshajaribu kupuliza naloksoni puani, wakaona inafanya kazi. Lakini hapakuwa na kifaa cha kupulizia kilichoidhinishwa kwa dawa hiyo. Kwa hiyo mpango wa afya wa mji uligawa vipande vitatu ndani ya mfuko: bomba la plastiki, kichupa cha kioo chenye dawa, na koni nyeupe ya sponji inayogeuza maji kuwa ukungu. Muokoaji alitoa vifuniko viwili vya manjano kwenye bomba, akaikaza koni upande mmoja, akatoa kifuniko cha kichupa, akakizungusha kichupa hicho ndani ya bomba upande wa pili, akapuliza nusu tundu moja la pua na nusu tundu la pili. Mara elfu kwa elfu ilifanyika hivyo, kwenye ngazi za majengo na kwenye vyoo vya mikahawa. Ilifanya kazi. Lakini hebu hesabu hatua hizo huku mdogo wako anageuka kijivu, gizani, na kifuniko kimoja cha manjano kimeteleza chini ya kitanda.

Ukizipanga kazi hizi kwa miaka, unaona fani yote inakwenda upande mmoja tu, nao ni kupunguza hatua. Dawa ilikuwa imeshamaliza kazi yake mwaka 1961. Kilichobaki chote ni umbali kati ya kichupa na pua ya mtu, na vidole vya kuumaliza umbali huo.

Novemba 2015 ikaidhinishwa Narcan ya kupuliza puani, ya kampuni ya Adapt Pharma. Kwa ubunifu wa mtambo haikuwa na jipya kubwa. Mwili wake wa plastiki ulikuwa wa aina iliyokwisha kutumika kwa dawa ya kipandauso. Waliokuwa wajanja ni wale waliotambua kwamba hawahitaji kubuni tena. Kifaa kina dozi moja, miligramu 4 ndani ya sehemu moja tu ya kumi ya mililita, kwa sababu pua haiwezi kunywa maji mengi. Yakizidi yanamwagikia kooni. Vidole viwili vinakaa pande mbili za mdomo wake, dole gumba chini. Unakilaza kichwa cha mgonjwa nyuma, unaingiza mdomo wa kifaa mpaka vidole vyako viguse pua yake, unasukuma. Hakuna cha kuunganisha, hakuna betri, hakuna kinachosema. Dakika 2 au 3 zikipita bila jibu, unatumia cha pili kwenye tundu jingine.

Mbele ya Evzio, kijidude hiki cha plastiki kinaonekana cha kimaskini. Nacho ndicho kilichoshinda.

Nimeahidi kusema kwa nini. Kwa mujibu wa ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani iliyotolewa Novemba 2018, bei ya Evzio ilianzia dola 575 na kufikia dola 4,100 ilipoingia 2017. Kupanda huko, zaidi ya asilimia 600, kulitokea wakati fentanili ikienea nchini na vifo vikiongezeka kila mwaka. Ripoti hiyo ilisema mipango ya bima ya serikali ililipa zaidi ya dola milioni 142. Haki isemwe: kampuni iligawa vifaa vingi bure kwa mashirika na idara za polisi, na wenye bima binafsi wengi hawakulipa kitu dirishani. Lakini mtu asiye na bima, yule ambaye ndugu yake analala naye chumba kimoja, aliambiwa bei ya gari kuukuu. Desemba 2018 kampuni ikatangaza toleo la dola 178. Wakati huo watu walikuwa wameshazoea kupuliza puani. Mwaka 2020 Evzio ikaondolewa sokoni, na Novemba 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 12.7 kumaliza madai ya serikali kuhusu namna ilivyouza kifaa hicho. Madai hayo hayakuthibitishwa mahakamani.

Najua wapo watakaosema biashara ni biashara na ubunifu una gharama. Una gharama, nakubali. Miaka minane ya maabara hailipwi kwa maneno matamu. Lakini mtu aliyeziondoa hatua zote kati ya dawa na mgonjwa, akafikiria mpaka betri itakayokufa, kisha akaweka mbele ya hatua hizo ukuta wa dola elfu nne, ameuharibu ufundi wake mwenyewe. Bei nayo ni sehemu ya kifaa. Inamzuia mkono muokoaji kabla hata hajafika dukani, na hakuna sauti iliyorekodiwa itakayomwelekeza namna ya kuipita.

Tarehe 29 Machi 2023 FDA iliruhusu Narcan ya puani iuzwe bila cheti cha daktari, na ilipofika madukani boksi la dozi mbili liliwekewa bei ya dola 44.99. Hata kwa hatua hiyo kulikuwa na kazi ya mikono nyuma yake. Mnamo Januari 2019 mamlaka hiyo ilitoa lebo ya mfano kwa ajili ya naloksoni, yenye picha na maneno machache, ikiwa imeshaijaribu kwa watu wa kawaida kuona kama wanaielewa bila kufundishwa. Kuandaa lebo kwa kawaida ni shughuli ya kampuni. Safari hii serikali iliifanya yenyewe ili kampuni zisiwe na kisingizio. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023, Marekani ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka kwa kuzidisha dawa za kila aina, wengi wao kwa fentanili. Mwaka 2024 idadi ilishuka hadi kama 80,000. Sababu za kushuka huko bado zinabishaniwa na wajuzi, na naloksoni iliyosambaa mikononi mwa watu inatajwa miongoni mwake.

Wanafunzi wa udaktari hawakuishia kwenye kubuni vifaa. Katika chuo cha udaktari cha New York University, mafunzo ya kuokoa mtu aliyezidiwa na afyuni yaliunganishwa na yale ya kuamsha moyo ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huyapata kabla hawajagusa mgonjwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wazo hilo ni la gharama ndogo kuliko mtambo wowote. Wanafunzi wale tayari walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya midoli ya mpira wakijifunza kupuliza pumzi. Kuwaongezea somo la naloksoni hapohapo hakukudai jengo wala siku mpya kwenye ratiba.

Mafunzo ya namna hii hutolewa pia kwa wengine, mashuleni, kwenye makanisa, kwenye mabweni. Anayefundisha vizuri humaliza kwa robo saa. Anaanza na kumwamsha mtu: mwite kwa sauti, kisha sugua kidari chake kwa mafundo ya vidole, kwa nguvu ya kuuma. Asipoitikia, piga simu ya dharura. Mpulizie dawa. Mpulizie pumzi, moja kila baada ya sekunde 5, maana kinachomuua ni kukosa hewa na hewa unayo wewe. Akianza kupumua mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, asije akasongwa na matapishi. Kaa naye.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu mzoefu halisahau, na limenifanya niwaheshimu zaidi watu hawa. Analisisitiza: usikijaribu kifaa kwanza. Mtu makini, aliyelelewa kuhakiki mambo, hupenda kupuliza kidogo hewani aone kama kinatoka. Hiki kina dozi moja tu, ukijaribu, umemaliza. Kosa la hapa linafanywa na walio makini, na aliyeligundua lazima alikaa akawatazama watu wakifanya mazoezi, mmoja baada ya mwingine, bila kuwakatiza. Hicho ndicho ninachokiita ufundi.

Pwani yetu ina sababu ya kusoma habari hizi kwa makini. Heroini ya Afghanistan imekuwa ikivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi kuja ufukwe wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na sehemu yake hubaki hapa, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Tanga. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya kutibu uraibu wa heroini kwa methadoni, ya kwanza ya serikali kwenye bara la Afrika kusini mwa Sahara. Zanzibar na Kenya zikafuata. Ni kazi ya kujivunia. Lakini tiba hiyo ni ya siku kwa siku, kwa mtu aliyeamua kuja. Aliyeiacha, au aliyetoka gerezani baada ya miezi ya kukosa, mwili wake umesahau dozi aliyokuwa akiizoea, na akirudi kwenye unga kwa kipimo kilekile cha zamani ndiye aliye karibu zaidi na kufa. Wanaomzunguka humwagia maji, humpiga makofi, humtembeza. Maji hayavishiki vipokezi.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia mwenzao akizidiwa wapewe naloksoni na wafundishwe kuitumia. Dawa yenyewe, kwa umbo la ampuli ya kioo yenye miligramu 0.4, haina hataza na si ya gharama kubwa duniani. Inakosa njia ya kutoka kabatini.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili, wa Nairobi, wa Mombasa na wa Zanzibar wenye hamu ya kuanzisha jambo. Msianze na programu ya simu. Nendeni maskani mkakae na mateja, muulize ni nani hufika wa kwanza mtu akianguka, ana nini mfukoni, na saa ngapi za usiku. Chukueni ampuli ya kawaida na mhesabu kila kitendo kinachohitajika, kuanzia kuvunja shingo ya kioo mpaka dawa kuingia mwilini, mkimtazama mtu asiye na mafunzo akikifanya gizani. Ondoeni vitendo mnavyoweza. Na kabla hamjachora chochote, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza bei ambayo yule wa maskani anaweza kuilipa, hata kama ni sifuri, kisha mumtafute wa kuilipia.